Risala ya Klabu ya Spektra kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonesho ya Sayansi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule,
Walimu, wazazi na walezi wetu,
Wanafunzi wenzetu,

Tunakushukuru kwa kukubali mwaliko wetu. Klabu ya Spektra inapiga picha za mwanga uliotawanywa rangi zake, yaani spektra, na leo tunaomba utusikilize tukieleza kazi hiyo na mambo machache tunayohitaji ili isonge mbele.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wengi wanaofika kwenye meza yetu husema, "Kumbe mnapiga picha za upinde wa mvua!" Tunawapokea kwa furaha, kisha tunawaomba wasogee karibu. Upinde wa mvua ni mzuri, lakini picha ya spektra huanza kuwa sayansi pale inapopimwa. Hilo ndilo tunalolishikilia kuliko jingine lolote katika klabu hii.

Chombo chetu tumekiunda wenyewe na tumekifunga mbele ya kamera ya kawaida yenye lenzi ya kubadilisha. Mwanga unaingia kwenye mwanya mwembamba ulio kati ya nyembe mbili zilizowekwa makali kwa makali. Lenzi ya kwanza inainyoosha miale iwe sambamba. Kisha miale inapita kwenye gretingi, utando angavu wenye mistari 600 katika kila milimita, na hapo kila rangi inashika njia yake. Lenzi ya kamera inazikusanya rangi hizo na kuziweka kwenye sensa, yaani kibao cha kamera kinachopokea mwanga, kila moja mahali pake. Kwa gretingi ya namna hiyo, mwanga wa kijani wenye urefu wa wimbi wa nanometa 550 (nanometa ni sehemu moja ya bilioni ya mita) hupinda kwa takriban nyuzi 19, ndiyo maana bomba la chombo chetu lina kona badala ya kunyooka. Ndani tumelipaka rangi nyeusi isiyong'aa, kwa kuwa mwanga unaozagaa hufuta mistari hafifu tunayoitafuta, yaani nyuzi nyembamba, angavu au nyeusi, zinazotokea mahali maalumu katika rangi hizo.

Ugumu mkubwa uko kwenye mwanya. Ukiubana, mistari inakuwa mikali lakini mwanga unapungua. Ukiuachia, picha inang'aa na mistari iliyo jirani inaungana. Sodiamu ina mistari miwili ya manjano, nanometa 589.0 na 589.6. Katika picha zetu nyingi inaonekana kama mstari mmoja, na kuitenganisha ni lengo tulilojiwekea.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kamera nayo ina tabia zake. Sensa yake imefunikwa vichujio vidogo vya nyekundu, kijani na bluu, na picha ya rangi hukisiwa kutokana na hivyo vitatu. Kwa hiyo mstari wa manjano waweza kutokea kama rangi ya chungwa, na ukipokea mwanga kwa muda mrefu mno unageuka mweupe. Rangi inayoonekana kwenye picha haitoshi kuwa ushahidi. Ushahidi ni mahali mstari ulipoangukia. Tunapiga faili ghafi, yaani picha ambazo kamera haijazirekebisha, tunazima marekebisho yote ya kamera yanayojiendesha yenyewe, fokasi tunaiweka kwa mkono, na hakuna anayegusa chombo kati ya picha moja na nyingine.

Ili mahali pageuke kuwa namba, tunaanza na mwanga unaojulikana. Taa ya mrija wa zebaki inatoa mistari ya nanometa 404.7, 435.8 na 546.1. Tunapima umbali kati ya mstari wa bluu wa 435.8 na wa kijani wa 546.1. Tuseme umbali huo ni pikseli 1,103: basi kila pikseli moja inasimama kwa nanometa 0.1. Mstari wa 404.7 tunauacha kwanza, halafu tunautumia kujisahihisha. Usipoangukia pale hesabu ilipotabiri, tunarudi kukagua chombo kabla ya kupima kitu kingine.

Pengine utauliza, kwa nini ukali wote huu? Jibu liko katika historia. Mwaka 1814 Joseph von Fraunhofer aliona mamia ya mistari myeusi katika mwanga wa jua, akaipima na kuipa mikubwa majina ya herufi. Zaidi ya miaka arobaini baadaye, Gustav Kirchhoff na Robert Bunsen walionesha kwamba kila elementi ina mistari yake, na kwamba gesi iliyo baridi kuliko chanzo cha mwanga hufyonza mistari ileile ambayo ingeitoa ikiwa moto. Halafu ukaja mwaka 1868, ambao klabu yetu inaupenda sana. Katika mwanga wa ukingo wa jua ulionekana mstari wa manjano karibu na ile ya sodiamu. Kwa jicho ni manjano tu. Kwa kipimo ulikuwa kwenye nanometa 587.6, na sodiamu haina mstari hapo. Norman Lockyer alisema ni elementi isiyojulikana, ikaitwa heliamu, na mwaka 1895 William Ramsay akaipata hapa duniani. Tofauti isiyofika nanometa mbili ilileta elementi mpya! Angekuwapo mtu aliyeridhika na kusema "nimeona manjano", habari ingeishia hapo.

Mistari ya Fraunhofer utaiona leo mezani kwetu. Tumeipiga kwa kuelekeza mwanya kwenye anga jeupe la mchana, si kwenye jua lenyewe. Katika klabu yetu ni marufuku kuelekeza kamera au jicho kwenye jua. Pamoja na sodiamu, utaona mstari wa haidrojeni kwenye 486.1 na kundi la magnesi katika kijani. Ule mwekundu wa haidrojeni, 656.3, ni hafifu kwa sababu kamera nyingi hutengenezwa na kichujio kinachopunguza wekundu wa mbali. Kando yake kuna spektra za taa: ya LED yenye kilele cha bluu na mlima mpana wa manjano, na ya waya wa moto isiyo na mstari wowote.

Sasa tunataka kwenda kwenye nyota, na hapo kazi inabadilika kidogo. Nyota ni nukta, kwa hiyo haihitaji mwanya. Gretingi inafungwa mbele ya lenzi moja kwa moja. Kamera ikisimama kwenye stendi na rangi zikitawanyika kukingama na mwendo wa nyota angani, mwendo huo unaupanua uzi mwembamba wa spektra kuwa utepe, na mistari inasomeka. Mwanaastronomia Henry Draper alinasa mistari ya nyota ya Vega kwenye bamba la picha mwaka 1872. Sisi tunataka kuinasa haidrojeni ya Vega, kisha tuilinganishe na Betelgeuse, nyota nyekundu isiyo na joto kali, ambayo spektra yake imekatwa na mikanda mipana ya oksidi ya titani.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa heshima tunaomba mambo haya. Tunaomba gretingi za kutosha ili kila kundi la wanafunzi liunde chombo chake, kwani chombo kimoja kinafanya wengi wawe watazamaji. Tunaomba kompyuta moja ya kuchakata faili ghafi, na stendi imara, maana iliyopo inatikiswa na upepo. Kwa Mkuu wa Shule, tunaomba taa za uwanjani zizimwe usiku tutakaopangiwa, mwalimu mlezi akiwapo. Mwanga wa taa hizo unaingia kwenye picha za nyota na kuleta mistari yake.

Tunawashukuru walimu wetu wa fizikia na kemia, ambao hukagua hesabu zetu bila kutuonea huruma, na wazazi wanaoturuhusu kubaki hadi jioni.

Baada ya risala hii tunakuomba ufike mezani. Taa ya zebaki imewashwa, na kamera imeunganishwa na skrini. Tutafurahi ukibonyeza kitufe mwenyewe, kisha utusomee mstari wa kijani umeangukia pikseli ya ngapi.

Tunaomba kuwasilisha.

Wanachama, Klabu ya Spektra