Maandalizi ya maombi ya Jumatano

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Kabla hatujakutana Jumatano jioni, naomba kila mmoja asome Mwanzo 18:22–33, mahali ambapo Ibrahimu, huku akijiita mavumbi na majivu, anauombea mji wa Sodoma mara sita mfululizo, akimsihi Mungu asiuangamize iwapo wenye haki watapatikana humo, akishuka kutoka wenye haki 50 hadi 10, na hakemewi hata mara moja. Angalieni kwamba ujasiri wake haukutokana na kujiona anastahili, bali na kumwamini Mhukumu wa ulimwengu wote kwamba hutenda haki. Sodoma iliangamia hata hivyo, na hilo tusiliruke. Lakini Mungu alimkumbuka Ibrahimu, akamtoa humo Lutu, mtoto wa ndugu yake Ibrahimu. Mwenye hitaji, hata lile analosita kulitaja, aniandikie faraghani kabla ya Jumanne usiku.