Aliyemaliza matibabu ya saratani asikalishwe mkekani

Ndugu Mhariri,

Kila Oktoba magazeti hujaa habari za uchunguzi wa saratani ya matiti, na ni jambo jema. Ila mama akisharudi Kigoma kutoka hospitali ya Bugando au Ocean Road, dripu na mionzi vimekwisha, habari zake nazo huisha. Nyumbani anatandikiwa mkeka: asifue, asichote maji, mkono wa upande uliofanyiwa upasuaji usiguse kitu. Wanampenda, lakini wanamdhoofisha.

Uchovu wa saratani si wa kutoka shamba. Hauishi kwa kulala. Akishinda ameketi, misuli inanywea, na baada ya muda hata kwenda bafuni kunamtoa jasho. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, lakini hakuna anayeanzia huko. Aanze na dakika 10 asubuhi, jua halijawa kali, kisha aongeze dakika 5 kila wiki. Mwendo uwe wa kumwezesha kuongea, asiweze kuimba. Achague njia tambarare, si mteremko wa kutoka Mwanga kushuka stesheni, hasa kama dawa zimemwachia ganzi nyayoni. Mwenye ganzi hasikii mwiba wala kokoto, kwa hiyo kandambili azisahau. Avae raba na akirudi akague nyayo.

Kwenye mkono ndiko hofu ilikozidi. Tezi za kwapani zikiondolewa au kupigwa mionzi, majimaji hupita kwa shida na mkono unaweza kuvimba. Watu wakahitimisha kwamba usitumike kabisa. Usipotumika, bega linaganda, na misuli inayosaidia kusukuma majimaji hayo inalegea. Kosa lingine ni kinyume chake: miezi kadhaa bila kazi, halafu siku moja ndoo ya lita 20, yaani kilo 20 kwa mkupuo. Hapo mkono ukivimba, lawama inaenda kwa mazoezi.

Kidonda kikipona na daktari akiruhusu, asimame mbele ya ukuta, apandishe vidole taratibu mpaka ahisi kuvutika, bila maumivu makali, na aweke alama ya mkaa alipofika. Alama ipande wiki hadi wiki. Kisha chupa ya maji ya nusu lita: ainue mara 8 hadi 15, apumzike, arudie, siku mbili kwa wiki zisizofuatana. Mkono ukitulia, aende chupa ya lita moja, baadaye dumu la lita 5. Kwa miguu, kuketi na kusimama kwenye kiti bila kujishika kunatosha.

Futi ya fundi cherehani iwepo nyumbani. Apime mikono yote miwili, sentimita 10 juu ya kiwiko na 10 chini yake, mara moja kwa mwezi, na aandike. Tofauti ikiongezeka kwa sentimita 2, aende hospitali. Mkono ukiwa mwekundu, wa moto, au homa ikifika 38, aende siku hiyohiyo. Mwenye maumivu ya kifua, au maumivu mapya ya mifupa yanayomwamsha usiku, asifanye zoezi lolote kabla ya kuonwa na daktari.

Chakula sina mengi: misuli haijengwi kwa ugali mtupu, na dagaa na maharage tunayo. Pombe na sigara aachane navyo.

Utafiti uliochapishwa 2025 uliwafuatilia wagonjwa 889 wa saratani ya utumbo mpana waliomaliza dawa. Waliosimamiwa mazoezi kwa miaka 3, asilimia 80 walikuwa hai bila saratani baada ya miaka 5; waliopewa vijitabu vya ushauri tu, asilimia 74. Kwa hiyo tusiishie kuchapa vipeperushi. Hospitali zetu za mkoa na wilaya zimwandikie kila anayemaliza matibabu tarehe ya kliniki ya fiziotherapia kwenye kadi yake, na asipofika apigiwe simu.

Mtaalamu wa fiziotherapia,
Kigoma