Asante, mama wa pweza pale Feri

Mama uliyekuwa unakaanga pweza Feri, hapa Mtwara, Jumamosi jioni: asante sana, na jina lako sikuuliza. Mabuti yangu ya mpira yalikuwa yamenigomea, miguu imevimba kwa kushinda majini, nami navuta kama nang'oa muhogo. Ukanicheka kwanza (haki yako), kisha ukaniambia nipenyeze kidole pembeni hewa iingie, ndipo nisukume kisigino. Likatoka lenyewe!

Na kuvaa je? Soksi ndefu, juu yake mfuko wa mkate, mguu ukateleza mpaka mwisho. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Juni 2019, ila wa mkate bado tunao. Pweza wako nilimla nikaondoka bila kulipa, mama. Nakuja.