Kuhusu lile jina la Tororo

Busia, Uganda

Swahiba,

Salamu nyingi. Ujumbe wako nimeupata. Unataka tuache kumwita shemeji yako mtarajiwa Tororo, eti wazee wenu watadhani tunamdharau. Hapo nakukatalia.

Jina lilipozaliwa ulikuwa Kampala, basi nikueleze. Unajua anabadilisha pesa hapa mpakani. Noti anaigeuzageuza juani, anaikuna kwa ukucha, halafu anaguna: "Hii nzima. Ngoja ile inayokuja." Chai ikiwa moto atalalamika, ikipoa pia. Dereva mmoja wa lori alimsikiliza asubuhi nzima, akacheka: "Huyu ni Tororo, hapakosi ngurumo." Si uongo, kati ya 1967 na 1976 mji ule wa Tororo ulihesabiwa wastani wa siku 251 za radi kwa mwaka! Jina likanata. Mwenyewe alinuna siku mbili tatu, kisha tukamsikia akipokea simu: "Tororo hapa, sema."

Septemba 2016 je? Cranes, timu yetu ya taifa, waliifunga Comoro 1-0 pale uwanja wa Namboole, bao la Farouk Miya, tukarudi Kombe la Afrika kwa mara ya kwanza tangu 1978. Watu wanabebana mabegani, bodaboda zinapiga honi hadi mpakani. Yeye kakaa tu na soda yake: "Haya, sasa twende Gabon tukafungwe." Nusura nimpokonye ile soda. Januari Ghana wakatufunga 1-0, Misri 1-0, na Mali tukatoka sare 1-1. Wala hakujigamba. Aliilaumu ile sare, kwamba imewapa watu matumaini ya bure.

Lakini baba yangu alipofariki, nani alilala matangani hadi watu wote walipotawanyika? Alilalamikia mkeka, mbu, uji usio na sukari, na usiku wa pili nikajikuta nacheka mbele ya wajomba. Mtu wa namna hiyo humwiti kwa jina la kitambulisho. Na akinyamaza siku nzima, hapo ndipo tunapouliza kama anaumwa.

Kwa hiyo siku ya utambulisho nitavaa kanzu na nitamwita Tororo, kwa sauti. Wazee wakiuliza, waambie hilo ni jina alilopewa na watu wanaomkopesha bila kuandikishana.

Mahema kodi mawili. Ameshasema itanyesha.

Wako,
Mrefu