Dakika sita kasoro sekunde tano

Unguja, Jumapili usiku

Mbarouk ndugu yangu,

Assalamu alaikum. Sisi huku wazima, mvua tu ndiyo inatuchapa. Mama anakusalimu, anauliza lini utarudi kumla yule pweza uliyemkimbia. Najua umenuna kwa kimya changu. Nuna baadaye, sasa nina shida.

Kile kipindi cha nyimbo za zamani nilichokwambia, Alhamisi ni zamu ya Queen, ile bendi ya Uingereza. Nimeshaandika kila kitu: Farrokh Bulsara kuzaliwa hapa hapa Mji Mkongwe 1946, kusomeshwa India, wazee wake kuhamia Uingereza 1964 baada ya Mapinduzi, hadi akawa Freddie Mercury, mwimbaji wao. Mkuu wangu kasoma, kacheka, kafurahi. Halafu ananambia wimbo wao "Bohemian Rhapsody" niupige dakika tatu tu, ati ndefu, wasikilizaji watahama.

Mbarouk, si ndiyo maneno waliyoambiwa wenyewe mwaka 1975? Kampuni yao ya santuri, EMI, iliona dakika sita kasoro sekunde tano hazitapigwa na redio yoyote. Wakagoma kukata. Freddie akampa nakala rafiki yake Kenny Everett, mtangazaji wa Capital Radio ya London, kwa sharti asiipige hewani. Jamaa akaipiga mara 14 ndani ya wikiendi moja! Watu wakakimbilia madukani kuulizia santuri ambayo haijatoka bado. Ilipotoka ikakaa namba moja Uingereza wiki tisa, mpaka bendi ya ABBA walipokuja kuiondoa na "Mamma Mia". Na wewe unajua hayo maneno yamo ndani ya wimbo wenyewe wa Queen. Nilicheka peke yangu studio.

Halafu huyu ananambia nikate. Nikate wapi? Kile kipande cha katikati tu, cha makelele ya opera, kiliwachukua kiasi cha wiki tatu. Walianzia Rockfield, studio iliyokuwa shamba kule Wales. Freddie na wenzake wa bendi, Brian May na Roger Taylor, wakiimba saa kumi mpaka kumi na mbili kwa siku, sauti juu ya sauti, mpaka utepe wa kurekodia ukachakaa, ukiutazama unaona upande wa pili. Prodyuza wao, Roy Thomas Baker, akidhani wamemaliza, Freddie anaingia na "Galileo" nyingine, lile jina wanaloliimba humo, ya kuongeza. Kazi yote hiyo, mimi niiruke kwa sababu ya tangazo la sabuni?

Kinachoniuma zaidi, mkuu huyo huyo taarab ya robo saa huisikiliza mpaka mwisho, hata kukohoa hakohoi. Nimemwambia hivyo. Hakupenda.

Na mzee wa zamu ya asubuhi naye, kasikia "Bismillah" katikati ya magitaa, kaja mbio kuniuliza ni nani huyo. Nikamwambia ni mtoto wa Shangani. Hajanijibu mpaka leo.

Basi nimepata hila. Nakala ya kituo kuna mtu keshaikata zamani, inaanzia kwenye gitaa, haifai. Lakini mashine ya santuri bado tunayo na inazunguka. Santuri ikishaanza, nani atainyanyua sindano mbele ya maikrofoni iliyo wazi? Ndipo unapoingia wewe.

Ile ndogo ya marehemu Ami bado unayo, yenye ule wimbo wa Roger wa kupenda gari upande wa pili? Haijakwaruzwa na wale watoto? Unaweza kumpa Shaame aje nayo kwa boti ya Jumanne, lakini umwambie asiikalie kama alivyoikalia keki? Na huko Dar redio yetu inakamata, au utasikiliza kwa simu? Wakianza kupiga kulalamika, utapiga na wewe uombe irudiwe?

Rafiki yako,
Suleiman