Mguu wenye mfupa nje usisubiri wiki nzima

Mhariri,

Naomba nafasi maana hili jambo linaniuma kweli. Mtu kapata ajali, mguu umevunjika chini ya goti, nyama zimechanika mfupa unaonekana, anawekewa vyuma vizuri kabisa, afu kidonda kinaachwa kinasafishwa na kufungwa bandeji wiki baada ya wiki eti kitajaa chenyewe. Hakijai! Pale kwenye muundi ngozi imelala moja kwa moja juu ya mfupa, na ukishuka kuelekea kifundo hakuna hata nyama ya jirani ya kuvuta ikafunika, na ile ngozi nyembamba ya kupandikiza haishiki juu ya mfupa uliochubuka ukakauka. Matokeo yake usaha unaingia mpaka ndani ya mfupa, na hapo ndo mguu unaanza kupotea.

Kuna upasuaji wa kuhamisha nyama. Wanatoa kipande cha msuli au ngozi pajani au mgongoni pamoja na mishipa yake ya damu, ule unaoleta na ule unaorudisha, wanakipeleka mguuni na kuunga ile mishipa na ya mguu chini ya hadubini, mishipa yenyewe milimita chache tu na uzi mwembamba kuliko unywele, kazi ya masaa mengi. Na haiishii thieta. Siku za mwanzo manesi wanaangalia kila saa rangi na joto la ile nyama, ikibadilika kuwa ya bluu au ikipauka na kupoa maana yake huenda damu imeganda kwenye muungo, mgonjwa anarudishwa thieta hapo hapo bila kusubiri kukuche. Sigara pia ni marufuku, inabana mishipa.

Sasa suala la muda. Mwaka 1986 yalichapishwa matokeo ya wagonjwa 532 wa Dk. Marko Godina, daktari wa upasuaji huu wa Ljubljana, Slovenia: waliofunikwa ndani ya masaa 72 tangu ajali nyama iliyohamishwa ilikufa kwa chini ya asilimia 1, ila waliofanyiwa baada ya hapo mpaka miezi 3 ikafika asilimia 12, na maambukizi yakapanda toka asilimia 1.5 hadi 17.5. Ni kweli tangu hapo mbinu zimeboreka na hata aliyechelewa anasaidika, kwahiyo asikate tamaa, lakini kuchelewesha makusudi hakuna maelezo.

Na sisemi kila mguu lazima uokolewe. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotoka 2002 ulionyesha baada ya miaka 2 waliookolewa mguu na waliokatwa walikuwa na hali inayokaribiana ya kujimudu, tena waliookolewa walirudi kulazwa zaidi. Kwa wengine mguu bandia ndo njia nzuri, ila aamue mgonjwa akiwa ameelezwa njia zote mbili, sio akatwe kwasababu kidonda kilioza wakati watu wanapanga rufaa.

Ninachoomba ni daktari wa mifupa na daktari wa upasuaji wa plastiki, yule anayehamisha nyama, wauone huo mguu pamoja tangu mwanzo, na kama hospitali haina huyo wa pili basi ipige simu siku hiyo hiyo kwenye hospitali aliyopo. Na nyie ndugu mnaokaa pembeni ya kitanda, mfupa ukiwa unaonekana ulizeni bila woga: utafunikwa lini, na nani?

Nesi, wodi ya mifupa