Ulizeni mashine ni ya nani

Mhariri,

Makala yenu kuhusu wakusanyaji wa saa za thamani imeyapanga majina kwa ngazi: chini Seiko, juu yake Omega, kisha Rolex, na kileleni Patek Philippe. Mwandishi anasema mkusanyaji hubadilisha chapa kadiri mfuko wake unavyotuna. Mimi ni mhandisi wa meli mstaafu, nimekusanya saa tangu ujana wangu, na saa ninayoivaa leo kwa hesabu yake iko chini ya ile niliyoiuza ili niipate. Naomba nafasi nieleze.

Nilipoanza kazi kwenye meli za Ghuba, sisi vijana wa Tanga, Mombasa na Unguja tulikuwa na tamaa moja: Rolex Datejust ya rangi mbili, chuma na dhahabu, kama walizorudi nazo watu kutoka Muscat na Dubai. Ndani mna nini, hakuna aliyejua wala kuuliza. Ilitosha lile taji dogo lionekane mkono wa kanzu ukipanda. Mimi dhahabu sikuitaka, maana dini yetu haimruhusu mwanamume kuivaa, nikachukua ya chuma tupu, milimita 36. Wenzangu wakanicheka kwamba nimenunua Rolex ya fukara. Leo chuma ndicho kinachogombaniwa, lakini hayo ni ya soko, na soko lina vituko vyake. Zile Daytona za Rolex zenye uso uliokuja kuitwa wa Paul Newman, mwigizaji wa Marekani, zilidoda madukani enzi hizo. Ya kwake mwenyewe iliuzwa New York mwaka 2017 kwa zaidi ya dola milioni 17.

Kilichonigeuza ni kazi yangu. Mtu anayeshinda kwenye chumba cha injini haridhiki na jina lililoandikwa ubavuni mwa meli. Atataka kujua injini ni ya nani. Basi fundi saa mmoja pale Muscat alipofungua Datejust yangu kuisafisha na kuitia mafuta, nilimwomba lenzi yake nichungulie. Tangu hapo sijanunua saa bila kuuliza mashine iliyo ndani yake ni ya nani.

Na ukiuliza, ile ngazi inavurugika. Mwaka 1972 kampuni ya Uswisi ya Audemars Piguet ilitoa Royal Oak, saa ya chuma ya faranga 3,300 za Uswisi, bei iliyozipita saa nyingi za dhahabu. Mwaka 1976 Patek Philippe wakatoa Nautilus. Zote mbili zilichorwa na mtu mmoja, Gérald Genta, na mashine za saa hizo zilitokana na msingi mmoja uliotengenezwa na kampuni ya Jaeger-LeCoultre. Vacheron Constantin, watengenezaji wengine wa Uswisi, nao waliutumia. Yaani wakubwa watatu walikuwa wateja wa kampuni ambayo mwandishi wenu hakuitaja hata mara moja.

Rolex wenyewe, walipotoa Daytona ya otomatiki, yaani inayojitia ufunguo kwa mwendo wa mkono, mwaka 1988, mashine waliichukua kwa Zenith, kampuni ya mji wa Le Locle, Uswisi. Ni ile El Primero ya mwaka 1969, inayopiga mara 36,000 kwa saa moja. Rolex wakabadilisha sehemu nyingi, wakaipunguza mwendo hadi 28,800, wakaitumia mpaka mwaka 2000. Na mashine hiyo nusura ipotee kabisa. Mwaka 1975 Zenith ilikuwa mikononi mwa Wamarekani, saa za betri zimewakaba Waswisi koo, na amri ikatoka kwamba saa za kamani ziachwe, vifaa viondolewe. Fundi mmoja wa kiwanda, Charles Vermot, aliandika kupinga. Hakusikilizwa. Basi akavibeba vile vifaa kidogo kidogo, akavificha darini mwa kiwanda, vimewekewa alama, pamoja na maelezo ya namna ya kuitengeneza mashine ile. Miaka ya 1980 ilipohitajika tena, kila kitu kilikuwapo.

Niliposikia kisa hicho niliiuza Datejust, nikanunua Zenith ya mtumba. Mke wangu akaniuliza inakuwaje niuze Rolex kwa saa ambayo Tanga nzima hakuna anayeijua. Nikamwambia hata Vermot hawamjui. Jibu hilo halikumridhisha, na sidhani kama litamridhisha.

Sisemi macho yangu ni bora kuliko ya wengine. Mwenzangu tuliyekuwa naye chumba kimoja melini alibaki Oman, naye siku hizi anatafuta saa zenye nembo ya khanjari, lile jambia la Kiomani, usoni tu, zile ambazo marehemu Sultan Qaboos alikuwa akiagiza kupitia duka la Asprey la London na kuwatunuku watu. Mashine haimshughulishi hata kidogo. Anachotaka ni nembo, na habari ya aliyetunukiwa. Submariner ileile ya Rolex ikiwa na uso wa kawaida haitazami mara mbili. Mwingine aliuza zote akabaki na Seiko 5, na hana wasiwasi nayo akipanda daladala. Sote watatu tulianza na kiu ileile ya Datejust. (Katikati hapo, miaka ya 2000, kila mtu alivaa saa pana ya milimita 44 hata mkono hauingii vizuri kwenye shati. Nashukuru zimepungua.)

Kwa hiyo, Mhariri, mkirudi kwenye mada hii, mtumeni mwandishi kwa mafundi saa kabla ya kumtuma madukani. Awaulize hewa yetu ya chumvi inafanya nini kwenye raba ya kuzuia maji. Aulize nani kati yao anakubali kufungua saa ya otomatiki yenye kronografu, yaani kipima muda cha kuanzisha na kusimamisha, vipuri anavitoa wapi, na atatoza kiasi gani. Mimi hapa Tanga sijampata wa kuishika yangu. Huipeleka Dubai kwa mkono wa ndugu, hurudi baada ya miezi, na malipo ya matengenezo ya mara moja yanatosha kununua Seiko mpya dukani. Kwenye orodha yenu ya bei, gharama hiyo haimo.

Mhandisi wa meli mstaafu,
Tanga